Jinsi ya kusoma vitabu na kuangalia muvi za nje ukawaelewa watu wenyewe, sio nguo zao tu

Maswali ni yaleyale kila siku. Nianze na nchi gani? Kitabu kwanza au muvi kwanza? Mbona nimekaa masaa mawili nimeona wazee wanakunywa chai tu? Na lile kubwa kuliko yote, hivi ina maana watu wa huko wako hivyo kweli? Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hiyo naandika yote hapa kwa mpigo, na ukija tena kuuliza nitakuelekeza huku huku.

Kitu kimoja tu ukishike kabla hatujaanza. Ukitaka kujua watu wanathamini nini, usiwasikilize wakiwa wanahubiri. Wangoje mpaka wabanwe, mtu awe na mambo mawili mbele yake, yote yana haki, na lazima aachie moja. Pale anapoachia ndo pa kuangalia. Ngoma, vyakula, harusi na majoho ni vizuri kuviona lakini hata kipeperushi cha watalii kinavyo.

Tahadhari mapema: kwenye mifano nitataja hadi miisho ya hadithi. Kama hupendi kukatiwa utamu, kaziangalie kwanza halafu urudi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitabu kimoja na muvi moja. Moja, narudia. Ukianza na ile orodha ya kazi mia moja za kusoma kabla hujafa utaishia kuisoma orodha yenyewe.
- Daftari, au sehemu ya kuandika kwenye simu.
- Muda usiokatwakatwa. Tokyo Story, muvi ya Kijapani nitakayoitumia kama mfano, ina dakika 136, ukiiangalia vipande vipande huku unajibu meseji hutatoka na kitu.
- Mtu mmoja mbishi wa kuongea naye baadaye. Asiwe mtu wa kukubali kila kitu.

Digrii haihitajiki. Lugha ya huko haihitajiki. Na kama Kingereza kinakusumbua usikate tamaa, kuna kazi nzito kabisa ambazo ziko kwa Kiswahili siku nyingi tu: Things Fall Apart ya Chinua Achebe ipo kama Shujaa Okonkwo, riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal ipo kama Barua Ndefu Kama Hii, Animal Farm ipo kama Shamba la Wanyama, na Shakespeare unaye kwa mkono wa Mwalimu Nyerere mwenyewe, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.

Hatua zenyewe

1. Chagua jambo, usichague nchi.

"Nataka kuielewa Japani" hilo sio swali, ni mzigo. Chagua jambo linalowasumbua binadamu popote: wazazi na watoto wao, deni, ndoa, kifo, mtu kuonekana mnyonge. Ukiwa na jambo unajua unatafuta nini, ukiwa na nchi utakodolea macho kila kitu. Kwenye mwongozo huu nitashika la wazazi na watoto kwa sababu kila mtu ana la kusema hapo.

2. Tafuta kitabu kimoja na muvi moja, sehemu mbili tofauti, jambo lilelile.

Mfano Shujaa Okonkwo, Nigeria, na Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, Japani. Ukiweka kazi mbili pembeni kila moja inaifichua nyenzake, kitu ulichokiona cha kawaida kwenye hii kinakuwa cha ajabu ukishaiona ile.

Angalia nani kaitengeneza na kamtengenezea nani. Mtu wa nje akisimulia jamii fulani huwa anaeleza eleza kila kitu kwa ajili ya wageni wenzake. Mtu wa ndani haelezi, anaacha, anajua wenzake wanaelewa, na hapo alipoacha ndipo wewe mgeni unapokwama, na kukwama huko ndo faida yako.

Kosa la kawaida hapa: kuchukua kitabu na muvi iliyotolewa kwenye kitabu hichohicho. Mara ya kwanza usifanye hivyo, utatumia nguvu zote kubishana kwamba kitabu kilikuwa kizuri zaidi.

3. Jua miaka miwili, basi.

Mwaka kazi ilipotoka, na mwaka inaousimulia. Things Fall Apart ilitoka 1958, miaka miwili kabla ya uhuru wa Nigeria, lakini inasimulia mwisho wa karne ya 19 wazungu ndo wanaingia. Maana yake Achebe anaandika akiwa anajua yote yaliyokuja kutokea, na kuna watu anawajibu. Tokyo Story ni ya 1953. Japani ilishindwa vita 1945 na utawala wa Wamarekani ukaisha 1952, kwa hiyo ukimuona yule mkwe mjane Noriko na picha ya mumewe chumbani, huyo mume kaliwa na vita, na kila aliyekaa kwenye ukumbi wa sinema mwaka ule alikuwa na wake.

Ukurasa mmoja wa historia unatosha. Usisome uchambuzi wa watu kabla hujaangalia mwenyewe, ukishaambiwa "hii ni muvi kuhusu upweke" utaona upweke hadi kwenye viti.

4. Mara ya kwanza pita tu.

Hakuna kuandika, hakuna kusimamisha. Cheka panapochekesha. Hii hatua watu wanairuka wakidhani kusoma kwa makini ni kukunja uso.

5. Mara ya pili andika "mbona".

Hii ndo kazi yenyewe. Kila unapojisikia kusema mbona hakufanya vile, mbona amenyamaza, mbona anacheka sasa, andika na uweke ukurasa au dakika. Usiandike majibu bado.

Nikuonyeshe. Kwenye Tokyo Story wazee wawili wanatoka mji mdogo wa Onomichi wanaenda kuwatembelea watoto wao Tokyo. Binti yao Shige ana saluni. Wazee wanapita, mteja anauliza wale ni nani, Shige anajibu kwamba ni watu tu anaofahamiana nao kutoka kijijini. Kipande chenyewe ni cha sekunde chache, hakuna muziki, hakuna anayepigwa kofi, ukigeuka kuangalia simu kimekupita. Mbona kawakana wazazi wake? Andika. Kabla ya hapo watoto wanachanga pesa wanawapeleka wazee kupumzika Atami kwenye hoteli, usiku vijana wanapiga kelele wazee hawalali. Mbona wamewapeleka mbali badala ya kukaa nao? Andika. Noriko, ambaye hata damu sio yao, anaomba ruhusa kazini anawatembeza mjini, anawaleta kwenye chumba chake kimoja na pombe ya kumkaribisha mzee anaazima kwa jirani. Mbona yeye? Na mwisho, wazee wanakaa wanaambizana kwamba wao wana bahati, watoto wao ni afadhali kuliko wa wengine wengi. Hiyo ndo "mbona" kubwa kuliko zote. Hawana hasira? Wanayo, ila mle ndani hasira ya mzazi inatoka ikiwa imevaa shukrani, na ukilisikiliza lile neno la bahati mara mbili utaisikia.

Anayeandika "Wajapani hawajali wazazi" hapo hajaona kitu. Muvi nzima inauma kwa sababu watazamaji wake walijua kabisa mzazi anastahili nini.

6. Tafuta pale haki mbili zinapogongana.

Pitia "mbona" zako, chagua moja ambayo mhusika alikuwa na njia mbili na zote zilikuwa na sababu.

Kwenye Shujaa Okonkwo ni kifo cha Ikemefuna, wala usihangaike kutafuta kingine. Kijana analetwa Umuofia, kijijini kwa Okonkwo, kama fidia ya mauaji, anakaa kwa Okonkwo miaka mitatu, anamwita baba. Siku moja inatoka amri ya mizimu kwamba auawe. Mzee Ezeudu anakuja kumwambia Okonkwo, kijana yule anakuita baba, usiweke mkono wako. Okonkwo anaenda. Kijana anapigwa panga la kwanza anamkimbilia yeye akilia baba wananiua, na Okonkwo anammalizia mwenyewe, kwa kuogopa asionekane mnyonge.

Anayeanza huwa anaandika hapa "Waigbo walikuwa katili", yaani kabila la Okonkwo, anafunga daftari. Subiri bana. Rafiki yake Obierika hakwenda, na anamwambia Okonkwo usoni kwamba kama mizimu ingesema mwanangu auawe nisingebisha, lakini nisingekuwa mimi wa kufanya. Kwa hiyo kijiji hichohicho, dini hiyohiyo, amri hiyohiyo, una mtu aliyeenda, una aliyekataa na una mzee aliyeonya. Hiyo ndo jamii: watu wanaobishana juu ya sheria moja. Ukipata msimamo mmoja tu kwenye kitabu kizima, ama kitabu kibovu ama umesoma haraka.

Halafu rudi nyuma ujiulize hofu ya Okonkwo ilitoka wapi. Kwa baba yake Unoka, mpiga filimbi, mpenda watu, aliyekufa na madeni. Baba na mtoto tena. Na mtoto wa Okonkwo, Nwoye, kitu kinakatika ndani yake usiku ule, na wamisionari wakija baadaye yeye anawafuata.

7. Tenganisha sheria ya maisha na sheria ya kamera.

Hapa ndo wengi wanaanguka, hata wazoefu. Kuna vitu unaviona kwenye muvi kwa sababu watu wanaishi hivyo, na kuna vitu unaviona kwa sababu bila hivyo muvi isingeruhusiwa.

Muvi za Irani kwa mfano. Baada ya mapinduzi ya 1979 zile zinazopita kwa kibali lazima mwigizaji wa kike afunike nywele, hata kama anaigiza yuko sebuleni kwake na mumewe hamna mgeni. Sasa mtu anaangalia A Separation ya Asghar Farhadi ya 2011 anaandika "wanawake wa Irani wanavaa ushungi hadi ndani kwa mume". Hapana. Ile ni kanuni ya sinema. Na mwigizaji wa kiume na wa kike wasio ndugu hawashikani, kwa hiyo mwongozaji anatafuta namna nyingine ya kuonyesha mapenzi: mlango, kioo, mtu amesimama koridoni. Ukishalijua hili unaanza kuona ufundi pale ulipokuwa unaona ubaridi.

Usidhani ni Irani peke yake. Marekani kuanzia 1934 mpaka 1968 studio zilibanwa na kanuni zao za maadili, ndo maana kwenye muvi nyingi za enzi hizo unakuta mke na mume chumba kimoja lakini kila mtu na kitanda chake. Ungesema Wamarekani walizaanaje?

Kwa hiyo jiulize: hiki kingeonekana tofauti kama kamera haipo? Kama jibu ni ndio, kifute kwenye orodha ya maadili ya watu, kiandike kwenye orodha ya serikali au ya studio. Hiyo nayo ni habari.

Kinachobaki baada ya kuchuja ndo dhahabu. Kwenye A Separation hiyohiyo kuna mama mmoja maskini, Razieh, ameajiriwa kumuangalia mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, na mumewe hajui kwamba anafanya kazi hiyo. Mzee anajikojolea. Razieh anasimama palepale, anapiga simu kuuliza watu wa dini je nikimvua na kumsafisha nitapata dhambi? Katoto kake kanamwambia, sitamwambia baba. Kamera haijamlazimisha hapo, huo ni moyo wake. Na mwisho wa muvi anaambiwa aape kwa Qur'ani kwamba mimba yake iliharibika kwa kusukumwa, akiapa familia inalipwa, na wanaowadai wamekaa mlemle sebuleni wanangoja. Ana shaka kidogo tu kuhusu sababu. Hawezi kuapa.

8. Jaza sentensi moja.

"Katika kazi hii, fulani anaogopa ______ kuliko ______."

Okonkwo anaogopa kuonekana mnyonge kuliko kumpoteza mtoto anayemwita baba. Razieh anaogopa kiapo cha uongo kuliko umaskini. Shige jaza mwenyewe.

Angalia nimeandika fulani, sikuandika Waigbo wala Wairani. Ukishajaza, tafuta kipande kimoja kinachokupinga. Kikikosekana kabisa rudi hatua ya 5, kuna kitu umekilazimisha.

9. Ongeza kazi ya pili kutoka palepale, inayogombana na ya kwanza.

Ukimaliza Achebe msome Flora Nwapa, Efuru, 1966, au Buchi Emecheta, The Joys of Motherhood, 1979. Wote Waigbo kama yeye, ila sasa mwanamke ndo katikati, na yale mambo ya uzazi na heshima ya baba yanaonekana kwa aliyeyabeba tumboni. Kuna kazi zinagombana zenyewe kwa zenyewe ndani, Barua Ndefu Kama Hii ni hivyo: Ramatoulaye yuko eda ya mumewe anamwandikia shoga yake Aissatou, wote waume zao walioa mke wa pili, Aissatou aliondoka na wanawe, Ramatoulaye alibaki. Dini moja, elimu moja, urafiki tangu utotoni, maamuzi mawili. Mimi naona ukipata muda wa kitabu kimoja tu mwaka huu chukua hiki, kifupi na hakina mahali pa kujificha.

10. Bishana.

Mpelekee yule mbishi wako sentensi uliyojaza. Akikupinga kwa kutaja kipande, sikiliza. Akikupinga kwa "lakini si tunajua watu wa huko wako vile", mrudishe kwenye kitabu.

Makosa mengine ya kuepuka

Kufanya kazi moja iwe balozi wa taifa zima. Achebe mwenyewe amelichora kosa hili: mwisho wa riwaya yule mkuu wa wilaya mzungu anaangalia yote yaliyompata Okonkwo halafu anawaza kwamba yatatosha aya moja nzuri kwenye kitabu anachokiandika. Maisha ya mtu mzima, aya. Ukijikuta unaandika "watu wa kule huwa..." umekaa kwenye kiti chake.

Kuamini kwamba kilichokufikia ndicho wanachokipenda. Muvi nyingi za nje tunazozipata zimepita kwenye tamasha na tuzo, zimechaguliwa na watu wa mbali. Tafuta na kile ambacho kwao kinachekesha watu wa kawaida, vichekesho vinasema ukweli mwingi kuhusu aibu.

Kuchanganya enzi. Tokyo Story sio Japani ya leo, kama vile barua za babu yako sio wewe.

Ukikwama

*Muvi ni ya polepole nasinzia.* Umezoea kukatiwa picha kila sekunde mbili. Ozu anaweka kamera chini, usawa wa mtu aliyekaa sakafuni, anaiacha. Jipe kazi: angalia nani amekaa wapi, nani anainuka kwanza, nani anamimina. Ukishindwa kabisa acha, anza na A Separation, ile inakimbia kama kesi ya polisi.

*Majina yananichanganya.* Chora ukoo kwenye karatasi, nani baba wa nani, nani mkwe. Usione aibu, riwaya nyingi nene za Kirusi zinakuja na orodha ya wahusika mwanzoni kwa sababu hiyohiyo.

*Maandishi ya chini yanapita haraka.* Simamisha, lakini mara ya pili sio ya kwanza. Na ujue yanafupisha, namna mtu anavyomheshimu mkubwa wake inaweza kupotea njiani, kwa hiyo fuata mwili: nani anainama, nani hamwangalii mwenzake usoni.

*Kitabu sikipati.* Anza na hadithi fupi. Za Chekhov, mwandishi wa Kirusi, ziko bure kwa Kingereza kwenye Project Gutenberg, tovuti ya vitabu vya bure, haki zake zilishaisha, na moja unaimaliza kwenye foleni.

*Nimechukizwa na alichofanya mhusika.* Vizuri, usikimbilie kumsamehe kisa "ni mila yao". Tafuta kwanza kama kuna mtu wa kwao aliyechukizwa kama wewe, mara nyingi yumo, kama Obierika. Kama hayumo kabisa, andika hivyo na uiache wazi mpaka hatua ya 9.

*Naona kila kitu kinafanana na kwetu.* Basi umeangalia hisia tu. Rudi kwenye pesa na funguo: nani analipa, nani anaomba ruhusa, nani ana chumba chake, nani anakula mwisho. Kule tofauti zitajitokeza haraka. Kama bado huzioni, badilisha jambo, chukua deni badala ya wazazi, na uanze tena hatua ya 5 na muvi ileile.